Mashine ya Maji na Meno Yaliyofungwa Vyuma

Katika mambo yanayomkabili mtu aliyefungwa vyuma vya kunyoosha meno, ambaye aghalabu ni kijana wa umri wa shule lakini siku hizi si nadra kuwa ni mtu mzima mwenye kazi na watoto, hakuna linalomchosha kama usafi. Kwani maumivu ya kukazwa waya hupoa baada ya siku chache, na haya ya kucheka mbele za watu huzoeleka, ilhali chakula kinachonasa katika vyuma hakina siku ya kuzoeleka, na kazi ya kukitoa huanza upya kila baada ya mlo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au miwili, na pengine zaidi. Kwa ajili hiyo imepata soko mashine ndogo ya umeme inayorusha maji kwa nguvu katikati ya meno, na wauzaji wake huinadi kwa maneno yanayomfanya msikilizaji adhani kwamba mswaki na uzi wa meno umri wao umekwisha. Madaktari nao wamegawanyika: wapo wanaoisifu, wapo wanaoiona kuwa ni anasa, na wapo wanaoikubali kwa masharti. Makala haya yamekusudiwa kulichambua jambo hilo tangu mzizi wake, na rai ya mwandishi, ambayo ni haki ya msomaji kuijua mapema ili aipime kila hoja inapomfikia, ni kwamba mashine hii ni mtumishi mwema wa fizi na mtumishi dhaifu wa jino lenyewe, na kwamba hasara inayowapata wengi wanaoitumia hutokana na kutoitenga kazi hiyo ya kwanza na hii ya pili.

Yafaa kwanza tuvitazame vyuma vyenyewe kwa karibu. Juu ya uso wa kila jino hugandishwa kishikizo kidogo cha chuma au cha kauri, ambacho upana wake ni milimita chache tu, chenye mfereji mwembamba unaokipasua katikati na mabawa mawili juu na mawili chini. Waya hulazwa ndani ya mfereji huo, kisha kipete cha mpira huvutwa juu ya mabawa yote manne ili waya usichomoke. Mtu akimulika taa ndani ya kinywa cha namna hiyo ataona kwamba chini ya kila bawa pana uvungu, na nyuma ya kipete pana uvungu mwingine, na ya kwamba baina ya ukingo wa kishikizo na ukingo wa ufizi umebaki ukanda mwembamba wa jino, pengine wa milimita mbili au pungufu, hasa katika magego na katika meno mafupi ya watoto. Ukanda huo ndio pahala pagumu kuliko pote, kwa kuwa mswaki ukiteremka kutoka juu huzuiwa na waya, na ukipanda kutoka chini, mkono wa mwenye nao huuogopa ufizi unaouma, ukauruka. Nyuzi za embe, jani la mchicha na unga wa mkate huonekana katika kioo na hutolewa kwa sababu ya aibu. Kinachokaa katika ukanda ule hakionekani, wala hakimwaibishi mtu.

Vyuma havikuwa hivi tangu mwanzo. Pierre Fauchard, tabibu wa meno wa Ufaransa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1728 ukanda wa madini wenye umbo la upinde uliofungwa kwa nyuzi katika meno ili kuyavuta mahali pake. Na Edward Angle wa Marekani, ambaye mwaka 1900 alifungua huko St. Louis shule ya kufundisha fani hii peke yake, aliiwekea misingi ambayo mingi yake inafuatwa hadi leo. Katika zama za Angle, na kwa miongo mingi baada yake, vyuma vilishikiliwa na pete zilizozunguka jino zima, na mgonjwa aliyetibiwa kwa ukamilifu alivikwa pete karibu katika kila jino. Ilikuwa mwaka 1955 ambapo Michael Buonocore alionyesha kwamba uso wa jino ukipakwa asidi kidogo hupata vinyweleo visivyoonekana kwa jicho, ambavyo gundi huweza kuvishika. Wengine, akiwamo George Newman katika miaka ya 1960, wakaitumia elimu hiyo kugandisha vishikizo moja kwa moja juu ya jino, na katika miaka ya 1970 njia hiyo ikaanza kuzishinda pete. Yalikuwa maendeleo makubwa, na hakuna anayetamani kuzirudia pete zilizokuwa zikisukumwa chini ya ufizi. Lakini pete iliufunika uso wa jino wote, ilhali kishikizo huufunika katikati yake tu na kuuacha ukiwa wazi pande zote, na pale gundi inapoishia na jino linapoanza pakazaliwa mpaka mwembamba, wenye kukwaruza, ambao ukoga huupenda.

Na ukoga ni nini? Watu wa pwani wamelelewa katika kuyaamini maji. Mwislamu anayetawadha husukutua kinywa mara tatu kila atawadhapo, na hata asiye Mwislamu, katika majumba mengi ya huku, huona kwamba mlo haujakwisha mpaka amekisukutua kinywa chake; desturi njema kabisa, kwani huondoa mabaki ya wali na nyama, huupunguza utamu uliobaki mdomoni, na haina gharama. Walakini ukoga haung'oki kwa kusukutua, kwa maana ni utando wa vijidudu hai vilivyojijengea makao kwa ute unaonata, ute vinaoufanyiza vyenyewe kwa sukari tunayokula, na utando huo hushika jino kama utelezi unavyoshika ukuta wa birika la msikiti, ambao maji hupita juu yake usiku na mchana yasiutikise, mpaka aje mtu na kumbi la nazi ausugue. Basi swali la mashine ni hili: je, maji yakipewa nguvu na kupigishwa mapigo mengi kwa dakika, yaweza kuifanya kazi ya kumbi?

Kabla ya kujibu, sharti tujue kwamba ukoga huleta madhara mawili yasiyofanana kwa tabia wala kwa mwendo. La kwanza ni la fizi. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus katika nchi ya Denmark, walichapisha habari za watu, wengi wao wanafunzi, waliokubali kwa hiari yao kuacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walishikwa na uvimbe wa fizi, na waliporejea kusafisha, uvimbe ule ukatoweka katika muda wa wiki moja hivi. Fizi, kwa hiyo, hukasirika upesi na husamehe upesi, na alama ya hasira yake ni damu inayoonekana katika mswaki na katika mate, alama ambayo hata mtoto huifahamu.

Madhara ya pili ni ya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, na hayo hayana damu wala maumivu. Mtu anywapo chai yenye sukari, vijidudu vya ukoga huigeuza sukari ile kuwa asidi katika muda wa dakika chache, na asidi hiyo ikikishusha kipimo cha pH chini ya 5.5, madini ya chokaa na fosfeti huanza kutoka katika enameli. Kisha mate huja kuituliza asidi na kuyarudisha madini taratibu, kazi inayochukua nusu saa au saa nzima. Anayekunywa chai mara mbili kwa siku huyapa mate nafasi ya kulipa deni. Anayeinywa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri, au anayemumunya ubuyu wa sukari na kashata baina ya mlo na mlo, hayapi nafasi. Na ubuyu una taksiri ya pili, kwamba kokwa yake huvunja vishikizo. Pale madini yanapotoka zaidi ya yanayorudi, enameli hupoteza mng'ao wake ikawa nyeupe kama chokaa, na katika mdomo wenye vyuma doa jeupe la namna hiyo laweza kutokea kandokando ya kishikizo katika muda wa wiki nne tu. Enameli haina damu, haina chembe hai za kujitengeneza upya. Doa changa laweza kurudishiwa madini kwa kiasi, lakini lililokomaa hubaki, na likiachwa huwa tundu.

Sasa tuitazame mashine. Ya kwanza iliyopata soko ilibuniwa Fort Collins, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, mwaka 1962, na watu wawili ambao kukutana kwao kwenyewe kunaeleza asili ya chombo: Gerald Moyer, daktari wa meno, na John Mattingly, mhandisi wa mambo ya maji. Mota ndogo huendesha pampu, pampu huyavuta maji kutoka katika tangi na kuyasukuma katika mrija mwembamba hadi katika ncha yenye tundu dogo, na maji hayatoki kwa mfululizo, yanatoka kwa mapigo, zaidi ya 1,000 kwa dakika, hivi kwamba ufizi hubanwa na kuachiwa, hubanwa na kuachiwa, na katika nafasi ya kuachiwa uchafu uliolegezwa hupata njia ya kutoka. Nguvu yake hupimwa kwa pauni kwa kila inchi ya mraba, na mashine za mezani huanzia kama pauni 10 hadi kufikia pauni 100. Tangi la mezani huchukua zaidi ya nusu lita ya maji, na huisha katika dakika moja na nusu hivi. Zile za kushika mkononi, zenye betri, huchukua maji machache zaidi, na mwenye vyuma hulazimika kulijaza tangi lake zaidi ya mara moja kabla hajaumaliza mdomo.

Kwa waliovaa vyuma imetengenezwa ncha mahsusi, ambayo mwisho wake una kishada kidogo cha nywele laini za mswaki, na maji hutoka katikati ya nywele hizo. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu litatufaa punde.

Je, watafiti wamesema nini? Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa vijana 106 wenye vyuma, wa umri wa miaka 11 hadi 17, waliogawanywa makundi matatu kwa muda wa wiki nne: wa kwanza walitumia mswaki pamoja na mashine yenye ncha ile mahsusi, wa pili mswaki pamoja na uzi, na wa tatu mswaki peke yake. Kundi la mashine lilipunguza ukoga zaidi ya mara tatu kuliko kundi la uzi, na damu ya fizi pia ilipungua zaidi. Utafiti huu ndio unaotajwa na kila muuzaji, wala si utafiti mbovu. Lakini miongoni mwa waandishi wake yumo mtu wa kampuni inayoitengeneza mashine, na wiki nne ni muda mfupi kwa matibabu ya miaka miwili, na, jambo kubwa kuliko hayo, ncha iliyotumika ni ile yenye nywele. Aliyeupunguza ukoga ni nani basi, maji au nywele? Makundi matatu hayatoshi kulijibu swali hilo. Lingehitajika kundi la nne, lenye maji bila nywele.

Upo na utafiti mwingine, wa maabara, uliofanywa katika chuo kikuu cha Southern California, ambao huandikwa kwa herufi kubwa juu ya maboksi: kwamba maji ya mashine huondoa asilimia 99.9 ya ukoga kwa sekunde tatu. Sekunde tatu hizo zilikuwa juu ya sehemu ndogo ya jino lililokwisha kung'olewa, likatazamwa kwa hadubini ya elektroni. Jino lililo mkononi mwa mtafiti halina shavu linaloliziba, halina ulimi, halina waya, wala halina mwenye usingizi wa saa nne usiku anayetaka kumaliza akalale. Utafiti huo unathibitisha kwamba maji yenye nguvu yakilenga barabara yaweza kuuvunja ukoga. Hauthibitishi kwamba yanalenga barabara ndani ya kinywa cha mtu.

Wale wasio na bidhaa ya kuuza wamezungumza kwa sauti ya chini zaidi. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka huo huo wa 2008, yaliyokusanya majaribio ya mashine za maji kwa watu wa kila namna, yalifikia hukumu inayoonekana mwanzoni kuwa ya ajabu: mashine haikuonekana kuupunguza ukoga unaoonekana kwa jicho, walakini ilielekea kuzipa fizi siha bora. Na mwaka 2019 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuyapima majaribio ya wengine, waliyakusanya majaribio 35 ya vyombo vya kusafishia katikati ya meno, wakaona kwamba mashine ya maji ikiongezwa juu ya mswaki huenda ikaupunguza uvimbe wa fizi baada ya mwezi mmoja, lakini baada ya miezi mitatu na sita tofauti haikuonekana, na ukoga haukuonekana kupungua. Nao wakatahadharisha kwamba ithibati yenyewe ni dhaifu. Watu waliopimwa humo walikuwa watu wazima, kwa hiyo hatuwezi kuihamisha hukumu hiyo yote juu ya kijana mwenye vyuma, ambaye mdomo wake ni uwanja mwingine.

Yawezekanaje fizi zipone na ukoga ubaki? Maelezo yaliyo karibu na akili ni kwamba ukoga haulingani unene wala kushika kwake: tabaka la juu, na lile linaloelea pembeni mwa ufizi, limelegea na ndilo lenye sumu zinazoukera ufizi, na maji huliondoa hilo, ilhali tabaka la chini lililoshikamana na enameli hubaki mahali pake, na kwa ufizi madhara yake si makubwa. Kwa enameli, kinyume chake, tabaka hilo la chini ndilo adui, maana ndilo lililogusana na jino na ndilo linalotoa asidi juu yake.

Na hapa ndipo panapotokea ghururi ambayo, kwa maoni yangu, haisemwi vya kutosha na madaktari wala na wauzaji. Kijana aliyekuwa akitema damu kila asubuhi huanza kutumia mashine, na baada ya wiki moja au mbili damu hukoma, fizi hurudi kuwa na rangi ya waridi, mdomo hunukia, na mama yake husema kwamba fedha yake haikupotea. Yote hayo ni kweli. Kwa kuwa damu ilikuwa ndiyo alama pekee aliyoijua ya ubaya, kukoma kwake huchukuliwa kuwa ni alama ya wema, na mkono huanza kulegea juu ya mswaki: dakika tatu huwa moja, na usiku wa uchovu mswaki huachwa kabisa kwa sababu maji yamekwisha pita. Doa jeupe, hata hivyo, haliumi, halitoi damu, na halionekani vizuri jino likiwa limelowa mate. Daktari mwenyewe hulazimika kulikausha jino kwa hewa ili alione. Ndipo siku ya kufunguliwa vyuma, siku iliyongojwa kwa kamera na tabasamu, kila kishikizo kinapobanduliwa huacha mahali pake mraba wa jino safi, linalong'aa, lililohifadhiwa na gundi kwa miaka miwili, na kuuzunguka mraba huo fremu nyeupe ya chokaa. Meno yamenyooka, na yameandikwa mahali vyuma vilipokuwa.

Kwa hiyo anayeuliza kama mashine inatosha pasipo mswaki ameuliza swali lenye jibu fupi, nalo ni hapana. Anayeuliza kama inaweza kushika nafasi ya uzi ameuliza swali lenye maana zaidi. Uzi wa meno kwa aliyefungwa vyuma ni adha ya kweli: hauwezi kushuka moja kwa moja baina ya meno mawili kwa sababu waya umeziba njia, hivyo hupitishwa kwanza chini ya waya kwa sindano laini ya plastiki, ukavutwa, ukasuguliwa upande wa jino hili na upande wa jino lile, ukatolewa, na kazi ikarudiwa katika nafasi inayofuata, nafasi zaidi ya ishirini katika mdomo mzima. Daktari huielekeza kazi hiyo kwa dakika mbili akiwa ameshika mfano wa meno wa plastiki, na kijana huitikia kwa adabu, na wachache mno huifanya baada ya wiki ya kwanza. Chombo kisicho kamili kinachotumika kila usiku kina faida kuliko chombo kamili kilicholala katika droo, na kwa hoja hii peke yake mashine ya maji inastahiki nafasi yake.

Lakini mshindani wake wa haki si uzi. Ni brashi ndogo ya katikati ya meno, ile yenye umbo la mnara na kishikio kifupi, inayopenya chini ya waya kutoka juu na kutoka chini, na kuzunguka kishikizo pande zote mbili. Inasugua, haitegemei umeme, hutiwa mfukoni, na bei yake haikaribii hata kidogo bei ya mashine. Kama mzazi mwenye mkono mfupi angenitaka shauri, ningemwambia anunue brashi hizo kwanza, na dawa ya mswaki yenye floraidi, na kioo kizuri. Mashine ije baadaye kama neema itakuwapo. Siwaki, kijiti cha mti wa Salvadora persica kinachopendwa na watu wetu kwa sababu za ibada na za siha, husafisha vyema uso wa jino ulio wazi, wala anayekishika kwa ajili ya sunna hana sababu ya kukiacha. Ila nyuzi zake ni nene, hazipenyi chini ya waya, na kwa muda wa matibabu yafaa kiwe nyongeza tu.

Aliye nayo mashine na aitumie kwa utaratibu utakaomfaidi. Mimi naona maji yatangulie na mswaki ufuate, kinyume cha wafanyavyo wengi, na hoja yangu ni kwamba maji yakija mwisho huiosha floraidi ya dawa ya mswaki ambayo ingebaki juu ya enameli na kuilinda usiku, wakati mate yamepungua. Mtu hujaza tangi maji ya uvuguvugu, huanza na nguvu ndogo kabisa mpaka fizi zizoee, huinama juu ya beseni na kuufumba mdomo nusu ili maji yatiririke yenyewe badala ya kurukia kioo, kisha huanza na gego la mwisho na kusogea taratibu, akiielekeza ncha sawasawa na mstari wa ufizi, akisita kidogo juu ya kila kishikizo, upande wa nje kwanza na upande wa ulimi baadaye. Kilichotoka atakiona katika beseni, na si nadra kuona chakula cha mchana. Baada ya hapo mswaki, kwa kulaza nywele zake kuelekea ufizini chini ya waya, na tena kuelekea chini juu ya waya. Na dawa ya mswaki itemwe, isisukutuliwe kwa maji mengi. Hili la mwisho lina uzito kwetu hasa, kwa kuwa mkono wetu huikimbilia kata ya maji kabla povu halijatua. Na anayetaka kutawadha, ni heri apige mswaki baada ya sala ya Isha, ili floraidi ipate usiku mzima.

Msomaji wa Arusha, au wa miteremko ya mlima Meru, aliyekua akiona meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi iliyomo katika chemchemi na visima vya huko, ana haki ya kulitazama jina hilo kwa hofu. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na maji mengi ya upande ule yamekivuka mbali. Lakini rangi ile huingia katika enameli wakati inapofanyizwa ndani ya taya, utotoni, kwa floraidi inayomezwa. Jino lililokwisha ota na kukomaa haliwezi tena kuipata, na dawa inayopakwa na kutemwa ni jambo jingine na maji yanayonywewa kila siku tangu uchanga.

Yapo na mambo ya nyumbani. Mashine nyingi za mezani zinazotumwa na jamaa walioko Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, nazo zikichomekwa katika soketi zetu za volti 230 au 240 pasipo kipunguza umeme huungua siku ya kwanza. Zile za betri, zinazochajiwa kwa waya wa simu, ndizo salama zaidi, na ndizo zinazoendelea kufanya kazi umeme ukikatika. Maji yawe ya kiwango cha kunywa. Kisima cha pwani aghalabu kina chumvi na chokaa, na tundu la ncha, ambalo ni dogo, huziba upesi, ingawa siki iliyopunguzwa kwa maji na kupitishwa katika pampu huizibua. Tangi limwagwe na likaushwe kila baada ya kutumika, kwani maji yaliyolala humo huota utando wao wenyewe, nao ndio utakaorushwa mdomoni kesho yake. Watu wa nyumba moja wanaweza kushirikiana mashine, lakini kila mmoja awe na ncha yake, na ncha ibadilishwe kila miezi mitatu. Mwenye vali ya bandia katika moyo, au aliyewahi kuugua uvimbe wa utando wa ndani wa moyo, amwulize daktari wake kwanza.

Na kazi ya mashine haiishii siku ya kufunguliwa vyuma. Meno yaliyonyooshwa hupenda kurudi yalikotoka, na ili kuyazuia madaktari wengi hugandisha waya mwembamba nyuma ya meno sita ya mbele ya taya la chini, usioonekana na mtu, ambao huweza kukaa kwa miaka mingi. Hapo uzi hukutana tena na kizuizi kile kile, na hapo ndipo mate yanapotokea kwa wingi, kwa kuwa matundu ya tezi zake yamefunguka chini ya ulimi, na mate hayo yenye madini huugeuza ukoga kuwa jiwe upesi kuliko mahali pengine. Aliyeihifadhi mashine yake atafaidika kuielekeza huko kila usiku, kutoka upande wa ulimi, kabla ukoga haujakauka. Uliokwisha kuwa jiwe hausikii maji ya nguvu yoyote, na kuutoa ni kazi ya daktari na chuma chake cha kukwangulia.